Usukani Unapotetemeka Kuanzia Kilomita 80: Kutafuta Chanzo kwenye Land Cruiser Pickup

Dereva anayeleta gari gereji kwa kawaida husema sentensi moja tu, "Fundi, gari linatetemeka," na fundi mwenye haraka huanza kufungua nati kabla ya kuuliza swali la pili. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kutofautisha maradhi ya gari, na ni vema dereva na fundi wakubaliane juu ya neno kabla ya kushika spana. Gari linatetemeka pale usukani unapocheza mikononi haraka haraka na kwa hatua ndogo, kama mkono wa mgonjwa wa homa. Linatikisika pale usukani unaporushwa kulia na kushoto kwa nguvu hadi dereva anashindwa kuushika. Linayumba pale linapotangatanga barabarani na kumlazimu dereva kulirudisha kila mara, ingawa usukani wenyewe umetulia. Linavuta pale linapokwenda upande mmoja mara tu mikono inapolegezwa. Maradhi haya manne yana vyanzo tofauti, japokuwa gari moja linaweza kuwa nayo yote kwa pamoja.

Gari ninalolizungumzia hapa ni Toyota Land Cruiser pickup ya mfululizo wa 79, lile ambalo huku kwetu hubeba kila kitu, kuanzia madawa ya zahanati hadi mabomba ya visima. Tangu mwaka 1999 toleo hili limekuwa na springi za koili mbele, tofauti na ndugu yake wa mfululizo wa 75 aliyekuwa na springi za bapa, lakini kiini chake hakikubadilika: magurudumu mawili ya mbele yamefungwa kwenye ekseli moja nzima ya chuma. Ekseli hiyo ndiyo inayolifanya gari livumilie mashimo na mizigo miaka mingi. Ndiyo pia inayofanya gurudumu la kushoto lisiweze kuugua peke yake, kwa maana kila linachokipata huhamia kulia kupitia ekseli na tai rodi, yaani fimbo inayoyaunganisha magurudumu mawili ili yageuke pamoja. Pickup nzito za Marekani zenye ekseli ya namna hii mbele, kama Ram 2500 na Ford F-250, huchunguzwa kwa njia hizi hizi.

Kabla ya jeki, barabara

Uchunguzi huanzia barabarani. Pima kwanza upepo wa matairi yakiwa ya baridi na uulinganishe na kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa sababu tairi lililojazwa upepo wa kubebea tani moja hurukaruka gari likiwa tupu, na utalihesabu hilo kuwa ugonjwa. Kisha tafuta kipande cha lami kilichonyooka, kilicho sawa na chenye magari machache. Panda polepole kutoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa, ukitulia sekunde kadhaa kwa kila hatua ya kilomita 10, na umwombe mwenzako aandike mtetemo ulipoanza, ulipofikia kilele na ulipopungua. Dereva asiandike mwenyewe.

Mtetemo wa gurudumu lisilo na uwiano mara nyingi huwa na kilele. Huanza karibu na kilomita 80, huzidi ukikaribia 95, na pengine hupungua ukivuka 110, kwa sababu kila gari lina kasi ambayo mapigo ya gurudumu hukutana na mtikisiko wa asili wa ekseli na springi zake. Dereva akikuambia, "Nikikimbia zaidi linatulia," usidhani anatafuta kisingizio cha kukimbia. Amekupa dalili muhimu sana.

Ukishaipata kasi yenye tatizo, fanya majaribio matatu bila kuibadilisha. Kwanza achia mafuta taratibu: mtetemo unaobadilika papo hapo mguu unapoinuka unaelekeza kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli), krosi (viungo vya miisho yake) au difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli), kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyobeba nguvu ya injini. Pili, kanyaga klachi na uweke nyutro, injini ikiendelea kuunguruma. Usiizime kamwe katika jaribio hili, maana msaada wa usukani na wa breki utaondoka nayo. Mtetemo ukiisha hapo, tafuta kwenye injini, klachi au raba za kushikilia injini. Ukibaki vilevile, chanzo kinazunguka pamoja na magurudumu. Tatu, gusa breki kidogo tu. Mtetemo unaozaliwa na breki peke yake una sehemu yake hapa chini.

Hesabu ndogo husaidia pia. Tairi la 265/70R16 lina mzingo wa karibu mita 2.4, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa huzunguka zaidi kidogo ya mara 11 kwa sekunde. Propela, kwa uwiano wa difu wa gari hili, huzunguka takriban mara nne ya hapo, yaani zaidi ya mara 40 kwa sekunde. Tofauti hiyo mwili wa binadamu unaitambua bila chombo chochote. Mapigo ya gurudumu huhisiwa mojamoja kwenye viganja, ilhali ya propela hugeuka kuwa mvumo unaopanda kupitia sakafu na kiti na kuifanya picha iliyo kwenye kioo cha ndani kuwa na ukungu. Basi zingatia mahali: usukani ukicheza, anzia mbele, kiti na sakafu vikicheza huku usukani umetulia, anzia magurudumu ya nyuma na propela.

Matairi na rimu, ambako chanzo hupatikana mara nyingi

Kwa uzoefu wangu, hapa ndipo penye sehemu kubwa ya kesi zote za mtetemo wa mbele, na ndipo mafundi wengi hupapita upesi kwa sababu tairi si kipuri cha kufungua na kufunga. Nakumbuka pickup moja iliyotoka vijijini upande wa Manyoni wakati wa mvua. Mwenye gari alikuwa amekwisha kununua dampa mpya ya usukani, ile inayofanana na shokapu iliyolazwa, na ncha mbili za tai rodi kwa ushauri wa gereji nyingine, na mtetemo ulikuwa pale pale, kuanzia kilomita 75. Nilipolala chini kwa tochi nikaona ndani ya rimu ya kushoto tope jeusi la mbuga lililokauka kama tofali. Nililibandua kwa bisibisi. Lilitoka bonge moja, limeshika umbo la mkunjo wa rimu, na hata alama ya maungio ya chuma ilikuwa imechapwa juu yake. Mtetemo wote ulikuwa kwenye bonge hilo.

Si ajabu, ukipiga hesabu. Gramu 200 za tope zilizo sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu, kwa kilomita 100 kwa saa, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 20 hivi, na uelekeo wa mvuto huo hukamilisha duara mara 11 kila sekunde. Kwa kilomita 50, tope hilo hilo huvuta kwa nguvu ya kilo 5 tu, kwa sababu nguvu hupanda kwa mraba wa kasi. Ndiyo maana dereva anayezunguka mjini siku nzima haoni kasoro yoyote, na siku ya safari analiona gari kama la mtu mwingine. Kwa hiyo osha rimu kwa ndani, si kwa nje tu, kabla ya kufanya jambo jingine lolote.

Rimu zikiwa safi, tazama kama vipande vya risasi vya kubalansi, yaani vya kusawazisha uzito wa gurudumu, vipo. Kilichodondoka huacha doa safi lenye umbo lake kwenye ukingo wa rimu. Kisha inua ekseli kwa jeki, weka stendi chini yake, zuia magurudumu ya nyuma kwa kabari, na uzungushe kila gurudumu la mbele kwa mkono huku bisibisi ikiwa imeegemezwa juu ya tofali, ncha yake ikikaribia kugusa meno ya tairi. Nafasi iliyo kati ya ncha na tairi ikipanuka na kufinyika kwa zaidi ya milimita 2 hivi, tairi si duara kamili, au rimu imepinda. Rudia ukiielekeza ncha kwenye ukingo wa rimu, ndipo utakapojua kipi kati ya hivyo viwili. Pitisha pia kiganja juu ya meno na ubavuni. Tairi ambalo nyuzi zake za chuma zimeachana ndani huwa na sehemu iliyonyanyuka, wakati mwingine ndogo kiasi kwamba jicho haliioni ila mkono unaisikia. Tairi la namna hiyo lisirudi barabarani hata kwa safari ya kwenda kununua jingine, kwa sababu linaweza kupasuka wakati wowote, na likipasuka mbele kwa kasi kubwa dereva hana muda wa kufikiri.

Tazama mstari mwembamba unaolizunguka tairi karibu na rimu: umbali wake hadi ukingo wa rimu unapaswa kuwa sawa duara zima. Ukiwa mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, tairi halikukaa sawasawa lilipojazwa upepo, na mashine ya kubalansi haitaponya hilo kwa risasi. Toa upepo, paka maji ya sabuni, ujaze tena. Wenye rimu za pete zinazochukua tairi la 7.50R16 na tyubu wasijaribu hili wenyewe barabarani, kwa kuwa pete ikiruka huua. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye kizimba cha kujazia. Soma vilevile namba nne za mwisho za tarehe ubavuni: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo meno yake bado ni mazuri lakini limekaa juani miaka mingi linaweza kuwa limekauka na kupoteza umbo.

Kuna jambo moja kuhusu wili balansi ambalo ningependa kila mwenye gari hili alijue. Rimu za Land Cruiser lenye nati tano zina tundu kubwa katikati, na si kila gereji ya matairi ina koni kubwa ya kulishika tundu hilo sawasawa kwenye mashine. Rimu ikishikwa kwa kupinda kidogo, mashine hupima kosa la mshiko wake yenyewe, na risasi zinazopigwa huongeza ugonjwa. Njia ya kuhakikisha ni rahisi, wala haimvunjii fundi heshima. Mashine ikishaonyesha sufuri, mwombe alegeze mshiko, alizungushe gurudumu nusu mzunguko kwenye mhimili, akaze na apime tena. Ikionyesha sufuri au karibu yake, kazi ni nzuri. Ikidai risasi nyingine gramu 40 au 50, mshiko ulikuwa mbaya na hesabu yote ya mwanzo haifai.

Na ikiwa hakuna mashine kabisa, hamisha magurudumu ya mbele uyapeleke nyuma, na ya nyuma uyalete mbele, kisha rudi kwenye kipande kile kile cha lami. Mtetemo ukihama kutoka usukani kwenda kwenye kiti, umeshapata jibu bila kununua kipuri hata kimoja.

Uso wa habu na nati

Gurudumu zuri lililofungwa vibaya hutetemeka kama bovu. Kutu, rangi au tope lililobanwa kati ya rimu na uso wa habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, huliweka gurudumu upande, hivyo safisha nyuso zote mbili kwa brashi ya waya. Kaza nati kwa hatua, ukirukia upande wa pili kwa mtindo wa nyota, gurudumu likiwa bado hewani, na umalizie kwa spana ya kupima nguvu gari likiwa chini. Matundu ya rimu yakiwa yamepanuka kwa sababu ya kutembea na nati zilizolegea, rimu hiyo ibadilishwe.

Mtetemo unaokuja na breki

Usukani ukitetemeka unapokanyaga breki tu, hasa baada ya mteremko mrefu kama wa Kitonga, diski za mbele haziko sawa kwa unene. Hilo ni suala la kuzipima kwa mikromita sehemu kadhaa za duara na kuzichonga au kuzibadilisha kwa jozi. Linalowapoteza watu ni tatizo jingine: mtetemo usiokuwepo asubuhi, unaojitokeza baada ya nusu saa ya safari, na unaotoweka gari likipumzika. Hapo shuku kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski) iliyokwama, ambayo pistoni zake hazirudi na pedi inaendelea kusugua diski hadi inapata moto. Simama mahali salama, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, ulinganishe joto la kushoto na kulia. Tofauti ikiwa kubwa utaijua mara moja, na mara nyingi utaisikia puani kabla ya kuisikia mkononi.

Propela ya mbele na habu za kufunga kwa mkono

Magari mengi ya aina hii yana habu za mbele zinazofungwa na kufunguliwa kwa mkono, na hizo ni zawadi kwa mchunguzi. Habu zikiwa kwenye FREE, magurudumu huzunguka peke yake, huku shafti za ndani, difu ya mbele na propela ya mbele vimetulia. Zikiwa kwenye LOCK, vyote hivyo huzungushwa na magurudumu hata kama liva ya gia iko kwenye magurudumu mawili. Madereva wengi huzifunga wakati wa tope na kuzisahau hivyo kwa miezi. Kwa hiyo hakikisha liva iko kwenye magurudumu mawili, endesha na habu zikiwa LOCK, kisha zigeuze FREE zote mbili na urudie njia ile ile. Mtetemo ukiondoka, huna haja ya kugusa matairi wala tai rodi. Chanzo ni propela ya mbele, krosi zake, au shafti za ndani.

Kwenye krosi, tafuta vumbi la rangi ya kahawia nyekundu pembezoni mwa vikombe vyake, ambalo ni kutu ya beringi zilizokosa girisi. Shika propela kwa mikono miwili na uizungushe mbele na nyuma. Mchezo wowote ndani ya krosi ni ubovu. Kama propela iliwahi kufunguliwa katikati kwenye sehemu inayoteleza, angalia kwamba masikio ya krosi ya mwisho mmoja yako kwenye mstari mmoja na ya mwisho wa pili. Fundi aliyeirudisha bila kuweka alama anaweza kuwa ameipotosha jino moja, na propela nzima kabisa ikatetemeka kama iliyopinda. Hayo yote yanaihusu propela ya nyuma pia, isipokuwa yake huhisiwa kwenye kiti.

Mtikisiko mkubwa baada ya shimo

Sasa nifike kwenye ugonjwa unaotisha. Gari linakwenda vizuri kwa kilomita 70 au 80, gurudumu moja linapiga shimo au ukingo wa daraja, na ghafla sehemu yote ya mbele inaanza kujitupa kulia na kushoto, usukani unazunguka wenyewe huku na huku, na hali haiishi hadi gari likaribie kusimama. Likikutokea, usishindane na usukani kwa nguvu wala usikanyage breki kwa ghafla. Ushike imara ukielekezea mbele, vidole gumba vikiwa nje ya duara lake, achia mafuta, punguza mwendo taratibu na utoke barabarani. Kisha lisiende safari nyingine hadi chanzo kijulikane.

Mtikisiko huu huhitaji vitu viwili vikutane: kitu cha kuuanzisha, kama shimo au tairi lisilo na uwiano, na ulegevu unaouruhusu uendelee. Kwenye ekseli nzima, gurudumu la kushoto likigeuka kidogo hulivuta la kulia kupitia tai rodi, la kulia humrudishia mwenzake, na kama kuna milimita chache za nafasi mahali fulani, kila mgeuko hupata nafasi ya kuongezeka. Dampa ya usukani hupunguza mchezo huo. Ndiyo maana dampa mpya hulituliza gari wiki chache na mteja akarudi nyumbani na furaha. Kubadilisha dampa bila kutafuta ulegevu ni kufunika kombe mwanaharamu apite, wakati bushi iliyokufa inaendelea kuchimba tundu lake. Hilo hunisikitisha kwa sababu anayelipia ni dereva, na wale waliopanda nyuma kwenye bodi.

Uchunguzi wake hufanywa gari likiwa chini kwa uzito wake wote, si kwenye jeki, maana ukiliinua viungo hulegea na kubadilika mkao. Washa injini, weka nyutro, vuta breki ya mkono, weka kabari, na umwombe mtu auchezeshe usukani kulia na kushoto kwa robo mzunguko, bila kukoma, huku wewe ukiwa umelala kando ya gurudumu la mbele na tochi, ukiugusa kila muungano kwa vidole. Anzia boksi la usukani: je, linasogea juu ya chesisi? Tafuta nyufa kuzunguka bolti zake. Fuata rodi ndefu inayotoka kwenye boksi, kisha tai rodi na ncha zake. Ncha nzima hugeuka bila kupanda wala kushuka. Iliyokufa hugonga, na vidole hukusikilizia kabla ya sikio.

Halafu kaa kwa muda kwenye rodi ya panhadi. Hiyo ndiyo inayoizuia ekseli isihame kwenda pembeni, mwisho wake mmoja ukiwa kwenye chesisi na mwingine kwenye ekseli, na kwenye magari ya koili kazi yote ya pembeni iko juu yake. Katika pickup moja niliyoifanyia kazi, kila usukani ulipogeuzwa ilisikika "tk" moja, ndogo, kama kucha ikigonga kikombe. Bushi ilikuwa bado na sura nzuri. Nilipotazama kwa karibu upande wa ekseli, kichwa cha bolti kilikuwa kimezungukwa na pete inayong'aa, chuma kitupu kilichosuguliwa katikati ya vumbi na kutu. Nilipoitoa bolti, tundu la mabano halikuwa duara tena. Lilikuwa na umbo la yai. Bushi mpya isingesaidia chochote hapo. Tundu lilijazwa kwa kuchomelewa, likatobolewa upya kwa kipimo, ikawekwa bolti mpya, na mtikisiko haukurudi. Kwa hiyo usiishie kutazama raba. Tazama bolti na tundu.

Baada ya hapo ndipo uinue ekseli kwa ajili ya beringi. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta kwa zamu. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki na urudie: mchezo ukitoweka, ni beringi za habu, kwa sababu breki imeifunga habu na kifundo cha ekseli (kiungo cha mwisho wa ekseli kinachogeuka pamoja na gurudumu) vikawa kitu kimoja, mchezo ukibaki, ni beringi za kingpini, zilizo juu na chini ya kifundo chenyewe. Jaribio hili la breki ni la nusu dakika, na limewaokoa wengi wasifungue kisichohusika. Beringi za habu hurekebishwa kwa nati yake ya ndani, inayotaka soketi ya milimita 54. Kuipigapiga kwa patasi huharibu nati, na mkazo hauwezi kujulikana. Ikikazwa kupita kiasi beringi huungua, na ikilegezwa gurudumu hucheza.

Beringi za kingpini zinahitaji mkazo wa awali, unaowekwa kwa vipande vyembamba vya chuma na kupimwa kwa mizani ya kuvuta iliyofungwa kwenye mkono wa kifundo, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Beringi isiyocheza lakini imelegea chini ya kipimo hicho inatosha kuruhusu mtikisiko, nalo ni jambo ambalo macho hayawezi kuliona. Ukiona grisi nyepesi kama uji ikichuruzika nyuma ya kifundo, sili ya ndani ya shafti imekufa na mafuta ya difu yameingia; beringi za kingpini zimekuwa zikioshwa badala ya kulainishwa, kwa hiyo zifunguliwe zote.

Mwisho angalia bushi za mikono mirefu inayoishika ekseli upande wa mbele na nyuma, pamoja na shokapu, ambazo zikifa huliacha tairi lirukeruke na kuchakaa kwa vibonde vibonde. Na kama gari limeinuliwa kwa springi ndefu, ulizia kama pembe ya ekseli ilirekebishwa. Ekseli ikishainama, usukani hupoteza tabia ya kujirudisha katikati na gari huyumba. Alaimenti ya kawaida haiondoi hilo, kwa sababu kwenye ekseli hii inachorekebisha ni tai rodi tu, yaani jinsi magurudumu yanavyotazamana kwa mbele.

Baada ya matengenezo

Jaribu gari kwenye kipande kile kile cha lami, kwa mzigo ule ule na kasi zile zile zilizoandikwa mwanzoni, na karatasi ya mwanzo ikiwa mkononi mwa mwenzako. Badilisha kitu kimoja kwa wakati na ujaribu kila mara. Ukibadilisha vitu vitano kwa siku moja gari linaweza kupona usijue ni kipi kilichokuwa kibovu, na siku likirudia utaanza upya. Kaza tena nati za magurudumu baada ya kilomita 50 hadi 100, pamoja na bolti za rodi ya panhadi kama ziliguswa. Sasa, viungo vyote vikiwa vimekazwa na matairi yakiwa duara, ifungue dampa ya usukani upande mmoja, uivute na kuisukuma kwa mkono. Ikiwa inavuja mafuta, au ina sehemu inayopita wazi bila ukinzani, huu ndio wakati wa kununua mpya.